Mwanao yuko skuli ya serikali Uingereza au Marekani? Jua anachofundishwa kinaamuliwa na nani

Ndugu zangu wa Lamu na Malindi mlioko nje, kila skuli zikifungua magrupu ya familia yanajaa voisi, eti huko watoto wanafundishwa mambo kwa nguvu na mzazi hana la kusema. Wazee hapa Langoni wanalala na presha, na nyinyi huko mnanyamaza wakati sheria imewapa nafasi. Tatizo ni kwamba wengi wanagombana na mwalimu wa darasa, na yeye hakuamua chochote.

Sisi tumezoea KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, pale Nairobi ikipitisha mtaala basi Lamu na Lodwar wanasoma kitu kimoja, kwa hiyo mtu akifika Marekani anadhani Washington nako ni hivyo hivyo. Sivyo. Serikali kuu imekatazwa na sheria kupanga mtaala, jimbo linaweka viwango halafu bodi ya skuli za wilaya inachagua vitabu, na wilaya zenyewe ni kama 13,000, kwa hiyo jibu la binamu yako wa Minneapolis halikusaidii wewe uliyeko Columbus. Vikao vya bodi viko wazi, mara nyingi unapewa dakika mbili tatu za kuongea, hivyo andika maneno yako kabla hujaenda. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 kwa 3, iliwapa haki wazazi wa Montgomery County, Maryland, Waislamu na Wakristo pamoja, kwamba kesi ikiendelea waarifiwe mapema na waweze kuwatoa watoto kwenye vitabu fulani vya hadithi vinavyopingana na dini yao. Lakini elewa vizuri, hukumu hiyo inamtoa mwanao tu, haiondoi kitabu kwa watoto wa wenzako.

England ni tofauti kabisa. Tangu Septemba 2020 somo la mahusiano ni lazima na huwezi kumtoa mtoto, la elimu ya jinsia unaweza. Msingi mwalimu mkuu lazima akubali, sekondari anakataa kwa sababu nzito tu, na ikibaki mihula mitatu kabla mtoto hajafika miaka 16 anaweza kuamua mwenyewe kusoma. Mambo ya uzazi yaliyo ndani ya sayansi hayo hayaguswi. Somo la dini na ibada za asubuhi unaweza kumtoa. Wales usiombe, huko haki ya kumtoa kwenye elimu ya jinsia haipo tena chini ya mtaala mpya.

Sasa cha kufanya. Skuli ya England lazima iwe na sera ya masomo haya kwenye tovuti yake, na lazima iwaulize wazazi maoni inapoiandika, isome kwanza. Halafu andika imeli kwa mwalimu mkuu kabla somo halijaanza, fupi tu: "Mimi ni mzazi wa fulani, darasa la tano. Naomba asihudhurie elimu ya jinsia. Naomba pia nione vitabu na slaidi zitakazotumika, na nijue atakaa wapi na atafanya kazi gani muda huo." Hilo la mwisho msilisahau kabisa, mtoto akiachwa kwenye korido peke yake anajiona kama ameadhibiwa.

Na tafadhali msimfungie mtoto nyumbani kimya kimya. England faini ya utoro ni pauni 80 kwa kila mzazi ukilipa ndani ya siku 21, baada ya hapo 160.

Akina mama ambao Kiingereza hakijakaa sawa, Marekani skuli za serikali zinatakiwa kukuletea mkalimani bure kwa mambo muhimu ya mtoto, omba wa Kiswahili kwa maandishi siku kadhaa kabla ya mkutano, usimtumie mwanao kutafsiri mazungumzo yanayomhusu yeye mwenyewe.