Kabla ya mtihani wa historia wenye vyanzo

Mpe mwanafunzi dondoo la Götzen, gavana wa Kijerumani, kuhusu Vita vya Maji Maji (watu wa kusini mwa Tanzania ya leo walipowapinga Wajerumani, 1905 hadi 1907), na mara nyingi ataandika hivi: "Chanzo hiki kina upendeleo kwa sababu mwandishi ni Mjerumani." Nukta. Anahamia chanzo cha pili. Insha za namna hiyo nimezisahihisha rundo kwa rundo, na alama zake huwa za kusikitisha, ingawa alichosema mtoto wa watu si uongo.

Kwa hiyo zoezi la kufanya mapema, wiki kadhaa kabla, ni kuuliza: upendeleo huu unanifaa kwa lipi? Götzen ndiye aliyekuwa gavana vita vilipoanza Julai 1905, na kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1909, akiwa ameshaacha cheo. Ana utawala wake wa kutetea. Ukitaka kujua kwa nini Wamatumbi, walioanzisha vita, waling'oa pamba ya kulazimishwa, usimwachie yeye peke yake aseme. Ukitaka kujua serikali iliwaonaje watu hao, huyo ndiye shahidi wako. Dondoo ni lilelile. Swali ndilo limebadilika.

Masimulizi ya wazee nayo yasipite bila kuulizwa. Hapa vijana wetu huwa wapole mno, kana kwamba neno la mzee halihojiwi hata kwenye karatasi ya mtihani. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kusini wakikusanya kumbukumbu za vita. Piga hesabu: aliyekuwa na miaka 15 wakati wa vita alikuwa na 78 alipohojiwa. Tena nchi ilikuwa na uhuru wa miaka saba, na Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka uliotangulia. Je, neno "umoja" katika simulizi ni la 1905 au la 1968? Huenda ni la nyakati zote mbili. Anayeweza kuandika aya moja juu ya hilo ameshajitenga na darasa zima.

Tarehe chache lazima ziwe kichwani, maana dondoo halitakupa. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya dawa yaliyovipa vita jina, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Ukilijua hilo, chanzo kinachomfanya kamanda wa vita vyote hadi 1907 kitakushtua chenyewe. Huna haja ya kubukua tarehe hamsini. Kumi zilizokaa sawasawa zinatosha.

Jizoeze pia na vyanzo vinavyogombana. Takwimu za serikali ya Kijerumani zilitaja Waafrika 75,000 waliokufa; mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Usichague kubwa kwa sababu inauma zaidi. Uliza nani alihesabu, na alihesabu nini: wengi waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, na mtu aliyekufa kwa njaa porini hakuandikwa na karani yeyote.

Muda sitausemea sana. Soma swali kabla ya vyanzo, maana ukianza na vyanzo utajikuta unavifupisha kimoja baada ya kingine, A, B, C, na ufupisho si insha. Panga aya kwa hoja zako, kisha ita vyanzo viwili au vitatu vije kushuhudia, au kubishana, ndani ya aya moja. Jaribu hivyo nyumbani kwa mitihani iliyopita, saa ikiwa mezani.

Na acha kunakili mistari mitano ya dondoo ili ukurasa ujae. Maneno manne ndani ya alama za kunukuu yanatosha. Msahihishaji ana karatasi ileile mbele yake.