Msitu wa mlimani: nenda kabla majani hayajafunga

Ukitaka kuliona bonde ukiwa ndani ya msitu wa miti ya majani mapana, nenda wakati miti imepukutisha majani, au mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Wengi husubiri majira ya joto, wakapanda saa nzima na kukuta ukuta wa kijani. Bonde liko pale chini lakini halionekani. Tena majani yakiwa machache mwanga hufika ardhini, na ndipo maua ya chini ya miti huchanua. Yatazame ukiwa njiani, tafadhali usiyakanyage, maana mengine huchukua miaka kurudi.

Fika asubuhi na mapema. Usiku ukiwa mtulivu, hewa baridi huteremka na kujikusanya bondeni, hivyo ukungu hutanda chini huku wewe uko juu, juani. Kwangu mimi hakuna mandhari yanayotuliza moyo kama hayo.

Wakati wa kushuka, jihadhari na majani yaliyoanguka yakalowa: yanateleza, na yanaficha mizizi na mawe. Piga hatua fupi. Usichelewe pia, kwani chini ya miti giza huingia mapema kuliko mahali pa wazi.