Namna ya Kutambua Tabia ya Silika na Tabia ya Kujifunza kwa Tumbili

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuchunguza jambo hili hahitaji kusafiri mbali, kwa kuwa tumbili wa kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamewazoea watu. Nenda asubuhi na daftari, keti mbali nao kidogo, wala usiwape chakula, kwani utaiharibu tabia ileile uliyokwenda kuitazama.

Anza na mtoto mchanga. Tazama vidole vyake vilivyoshika manyoya ya tumbo la mama hata pale mama anaporuka kutoka tawi hadi tawi. Hushika hivyo tangu anapozaliwa, kabla hajapata wa kumwiga. Hiyo ni silika. Kisha mtazame tumbili mkubwa anayepasua pakiti ya biskuti kwa meno kando ya pipa la taka, huku mdogo akisogeza pua hadi mdomoni mwake kunusa anachotafuna. Hapo kuna somo linaloendelea.

Kazi ngumu ni milio ya tahadhari. Watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walionyesha mwaka 1980, kutokana na tumbili wa Amboseli nchini Kenya, kwamba tumbili hutoa mlio tofauti wa kuonyana kwa chui, kwa tai na kwa nyoka: wakisikia wa chui hukimbilia mtini, wakisikia wa tai hutazama juu, na wakisikia wa nyoka husimama kwa miguu ya nyuma na kuchungulia nyasini. Mtoto naye hutoa mlio wa tai, lakini huweza kuutoa hata kwa jani linaloanguka, mpaka umri umfundishe ni ndege gani wa kuogopwa. Kwa hiyo gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili, moja ya sauti yenyewe na nyingine ya kilichoisababisha. Wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo kiini cha kazi yote.

Usiharakishe pia kuiita hofu silika. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Susan Mineka, kima wa Asia waitwao rhesus, waliokulia maabara, hawakuwaogopa nyoka hadi walipowaona wenzao wakiwaogopa. Lakini walipoonyeshwa video ya mwenzao akionekana kuogopa maua, hawakujifunza kuyaogopa.

Mrudie mtoto yuleyule kila wiki, na siku utakayomwona ameachia tumbo la mama akaenda kunusa mdomo wa anayekula, iandike tarehe.