Somo: Kupima ERK iliyowashwa kwa kingamwili za fosfeti

Seli ikipokea EGF (protini inayoichochea ikue), ishara hupita protini za Ras, Raf na MEK hadi ERK, kimeng'enya ambacho aina zake mbili ni ERK1 na ERK2. MEK hubandika fosfeti mbili, kwenye treonini 202 na tairosini 204 za ERK1, na kingamwili yetu hushika ERK yenye fosfeti hizo. Shida ni fosfataza, vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti: ukishapasua seli, zinaendelea kuzibandua. Majaribio mengi huharibikia hapo, jeli ikiwa bado haijaguswa.

1. Seli za HeLa (za saratani ya binadamu) zikijaa sahani asilimia 70–80, zinyime seramu saa 16. Tia EGF nanogramu 100 kwa mililita. Simamisha sahani moja moja dakika ya 0, 5, 15 na 60.

2. Sahani iende kwenye barafu papo hapo. Suuza kwa TBS (maji ya chumvi yenye bafa ya Tris) baridi, kisha tia RIPA, kimiminika cha kupasulia seli, yenye floridi ya sodiamu milimola 10 na othovanadati milimola 1, zote za kuzuia fosfataza, na vizuizi vya proteaza, vimeng'enya vinavyokata protini. Vanadati lazima iamshwe kwanza: pH 10, ichemshwe hadi rangi ya manjano ipotee, irekebishwe pH na kuchemshwa tena mpaka ibaki bila rangi. Ikiwa ya manjano, haizuii vizuri.

3. Sentrifuji g 14,000, dakika 15, nyuzi 4. Mikrogramu 20 za protini kila kisima, jeli asilimia 10, kisha hamishia protini kwenye utando wa PVDF (plastiki inayoshika protini).

4. Funika utando kwa BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 5 ndani ya TBST (TBS yenye Tween), saa 1, ili kingamwili isishike ovyo. Kingamwili ya ERK yenye fosfeti 1:1000 usiku kucha, nyuzi 4. Osha mara 3, kisha kingamwili ya pili yenye HRP (kimeng'enya kinachotoa mwanga wa kuonyesha mistari), 1:5000, saa 1. Azidi ya sodiamu isiikaribie, inaua HRP.

Tegemea mistari miwili, kDa 44 (ERK1) na 42 (ERK2).

Maswali ya wanachama

Kufunika utando kwa maziwa badala ya BSA kuna ubaya gani?
Kasini, protini ya maziwa, yenyewe ina fosfeti. Baadhi ya kingamwili za ERK huvumilia maziwa, ila kwa zile zinazotafuta fosfotairosini (tairosini yenye fosfeti) yoyote, utando wote unaweza kuwaka.

Mwalimu, dakika 0 nayo inang'aa!
Je, ulibadilisha midia wakati wa kutia EGF? Hilo peke yake huamsha ERK. Tia EGF nzito kwa ujazo mdogo juu ya midia iliyopo. Na kama unatumia seli za A375 (za saratani ya ngozi), zina BRAF V600E, aina ya Raf iliyobadilika na kubaki imewashwa. ERK yao haizimiki kwa kunyimwa seramu.

Nitathibitishaje kuwa ni fosfeti?
U0126, kizuizi cha MEK, mikromola 10, dakika 30 kabla ya EGF: mistari ipotee. Au fosfataza ya lambda kwenye sampuli iliyopasuliwa bila vizuizi vya fosfataza wala EDTA (kinachonasa metali), maana inahitaji manganizi. Kisha pima ERK yote, yenye fosfeti na isiyo nayo. Bila hiyo, mstari hafifu unaweza kuwa protini pungufu tu.