Kuzima prosesi zinazogawana kufuli bila kugandisha zingine

Ukiandika Python kwa multiprocessing (moduli ya kuendesha prosesi nyingi kwa pamoja) hii itakukuta tu siku moja: una prosesi nne tano zinaandika faili moja, kila moja inachukua Lock (kufuli, mwenye nalo ndo anagusa peke yake) kabla ya kugusa, mambo yanaenda freshi, halafu siku ya kupandisha vesheni mpya SIGTERM (signali ya kuiambia prosesi izime) inatumwa, prosesi moja inakufa na zingine zote zinaganda. CPU iko chini kabisa, erori hakuna, logi kimya.

Kinachotokea ni kwamba SIGTERM, ile namba 15, usipoiwekea hendla (funksheni ya kuipokea) basi kenel, kiini cha mfumo endeshi, inaiua prosesi palepale, `finally` haifikiwi, `with` haifungui kitu. Na Lock ya multiprocessing kwenye Linux ndani yake ni semafo tu, yaani kihesabio, haijui nani kaishika, kwahiyo mwenye nayo akifa hakuna wa kuiachia. Ni sawa na mtu kajifungia choo cha stendi akazimia humohumo, foleni nje itasubiri mpaka kesho.

Sasa wengi wakishajua hilo wanakimbilia kuandika hendla ndefu, ichukue kufuli, isafishe, iandike logi, ndo itoke. Usifanye hivyo. Hendla inaweza kuingia katikati ya kodi yako wakati kufuli tayari unalo, Lock hiyo haikubali kuchukuliwa mara mbili, basi prosesi inajisubiri yenyewe. Kwenye C ni mbaya zaidi maana hata `printf` na `malloc` haziruhusiwi ndani ya hendla. Na ukirusha erori ndani ya hendla ili `with` ifungue, sawa kufuli litafunguka ila rekodi imeandikwa nusu, na anayefuata anaikuta hivyohivyo, mimi naona hiyo ni hatari kuliko kuganda kwenyewe maana huioni.

Hendla ifanye kitu kimoja tu, ipandishe bendera, halafu lupu yako ndo iamue kutoka wakati haijashika chochote:

```python
acha = False

def pokea(namba, fremu):
    global acha
    acha = True

def mfanyakazi(kufuli):
    signal.signal(signal.SIGTERM, pokea)
    signal.signal(signal.SIGINT, signal.SIG_IGN)
    while not acha:
        if not kufuli.acquire(timeout=2):
            continue
        try:
            andika_rekodi_moja()
        finally:
            kufuli.release()
```

Hiyo taimauti (`timeout=2`, kikomo cha kusubiri) sio pambo. Hendla ikimaliza bila kurusha erori, `acquire` inaendelea kusubiri kama vile hakuna kilichotokea, kwahiyo bila taimauti bendera iko juu lakini hakuna anayeiangalia. SIGINT (signali ya Ctrl+C) tunaipuuza kwa mtoto, yaani prosesi iliyoanzishwa na ile kuu ambayo ndo mzazi, kwa sababu Ctrl+C inazifikia prosesi zote za hapo kwenye terminali kwa mpigo, acha mzazi peke yake ndo aamue. Na hendla iweke ndani ya mtoto kama hapo juu, maana kwa fork (mtoto kuanza kama nakala ya mzazi) mtoto anarithi hendla ya mzazi, ukisahau utakuta mtoto naye anajaribu kuzima ndugu zake.

Queue, foleni ya kupitishia kazi kati ya prosesi, nayo ina kufuli lake ndani, na hapa ndo watu wanashangaa: prosesi iliyokaa kwenye `get` inasubiri kazi, haifanyi lolote, inakuwa imelishika kufuli la kusomea muda wote huo. Ukiiua hapo, zingine hazitasoma tena. Wapelekee None kila mmoja kama ishara ya kuondoka, au weka taimauti na huko pia.

Mzazi akipata SIGTERM anaita `terminate` kwa watoto, ambayo sasa ni ombi la kistaarabu kwa sababu wana hendla, kisha `join` (kuwasubiri waishe) yenye taimauti, atakayebaki apigwe `kill`, yaani SIGKILL, namba 9. Angalia `exitcode`, ikiwa -9 ujue huyo kauawa kwa nguvu na Lock aliyokuwa akitumia usiiamini tena. Usianzishe mtoto mpya na kufuli lilelile, zima wote, tengeneza Lock mpya, anza upya. Muda wote huo uingie ndani ya ule unaopewa na mfumo wa kontena: `docker stop` inasubiri sekunde 10 kwa kawaida, Kubernetes 30, zikiisha inakuja SIGKILL. Na kama CMD ya Dockerfile umeiandika kama sentensi ya shell badala ya orodha, mara nyingi sh ndo inapokea signali na programu yako haisikii kitu, hakikisha hilo kabla hujaanza kulaumu kodi.

SIGKILL yenyewe haishikiki na hendla yoyote, na kenel ikiishiwa memori inatumia hiyohiyo. Kwahiyo kama kufuli ni la kulinda faili, tumia `fcntl.flock`, hilo kenel inaliachia yenyewe mwenye nalo akifa, ila kila mtoto afungue faili lake mwenyewe, likifunguliwa kabla ya fork wote wanahesabika wameshika kufuli moja. Kwa C kuna mutex (kufuli) za robust, anayefuata anapewa erori ya EOWNERDEAD, yaani mwenye kufuli kafa, anakagua data, anaita `pthread_mutex_consistent` ndo anaendelea. Na kwa data yenyewe, andika kwenye faili la pembeni kisha `os.replace`, msomaji ataona la zamani au jipya, la nusunusu hatoliona.

Kujaribu ni rahisi, weka `sleep` ya sekunde tano kati ya kuchukua na kuachia kufuli, mpige mtoto mmoja `kill -TERM` akiwa humo ndani uone kama wenzake wanaendelea, ukiridhika rudia kwa `kill -9`.