Usiidharau ile "a" ndogo

Misemo ya Kiingereza cha mazungumzo imeze nzima nzima, pamoja na vile vijineno vyake a, an na the. Kiswahili hakina vitu hivyo, ndiyo maana tunaviruka bila hata kujijua. Mtu anaandika "I'm under weather" akimaanisha hajisikii vizuri, kumbe inayotakiwa ni "under the weather". Kazi rahisi nayo ni "a piece of cake". Ukiweka the badala ya a, msomaji ataanza kuuliza keki ipi.

Inayoleta balaa zaidi ni few. "I have a few friends" maana yake unao marafiki kadhaa, mambo si mabaya. Toa a, ibaki "I have few friends", na tayari unalalamikia upweke. Herufi moja tu hiyo!

Kuchagua a au an, sikiliza sauti, usitazame herufi: "an hour", kwa sababu h haitamkwi, lakini "a one-off" (jambo la mara moja tu), kwa kuwa one inaanza na sauti ya w.

Herufi kubwa je? "I called Mum" ina M kubwa kwa sababu Mum imekaa mahali pa jina la mtu. Ukitanguliza my, inashuka: "I called my mum". New York ikiitwa kwa utani "the Big Apple", B na A ni kubwa, ila the hubaki ndogo katikati ya sentensi. Na I, yaani mimi, ni kubwa popote ilipo, hata kwenye meseji ya haraka. Hiyo ya mwisho bado inanishinda nikiwa na simu mkononi.