Siku Tatu za Mapumziko kwa Matumizi Madogo: Namna ya Kuzipanga na Familia

Sikukuu inapoangukia Ijumaa au Jumatatu, familia hupata siku tatu mfululizo zisizo na kazi wala shule, na watoto huanza mapema kuuliza tutakwenda wapi. Ningemshauri mzazi ajibu kwa kuwauliza tutafanya nini. Kwenda mahali hudai nauli, kiingilio na chakula cha njiani, na vyote hivyo huzidishwa kwa idadi ya watu, ilhali jambo linalofanywa kwa mikono hugharimu karibu sawa kwa watoto wawili na kwa watoto sita. Tena naamini kwa dhati kwamba mtoto aliyetengeneza kitu pamoja na baba au mama yake hufurahi kwa kina kuliko aliyekalishwa kutazama burudani iliyoandaliwa na wengine.

Anza na fedha, kwa kuwa ndizo zinazoharibu mapumziko zisipopangwa. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza, tenga kiasi ambacho familia inaweza kukitumia bila kugusa kodi ya nyumba, ada za shule wala chakula cha wiki inayofuata. Kiweke katika bahasha, kisha uwaeleze wote nyumbani, wakiwamo watoto wanaojua kuhesabu, kwamba hicho ndicho kilichopo mpaka mapumziko yaishe. Noti mkononi zinafaa zaidi kuliko salio la kwenye simu, kwa sababu bahasha inayopungua unene huonekana na kila mtu bila maelezo. Mkabidhi mtoto mmoja daftari la kuandika kila kinachotoka. Watoto wanaodai kila wanachokiona barabarani huwa wakali ajabu wa matumizi pindi wanapopewa kazi ya kushika hesabu, na mzazi hupumzika na mzigo wa kukataa kila mara.

Jioni hiyohiyo mkae pamoja na kuchagua mambo makubwa matatu, moja kwa kila siku, basi. Wazazi wengi hukosea kwa kujaza ratiba tangu alfajiri hadi usiku, na matokeo yake ni kwamba wote huchoka, hugombana, na mwisho hununua chakula cha bei kubwa kwa sababu hakuna aliyebaki na nguvu za kupika. Muda uliosalia uachwe mtupu kwa makusudi. Mtoto akilalamika kwamba hana la kufanya, usikimbilie kumtafutia mchezo wala kumwashia televisheni. Mpe boksi tupu, uzi, mkasi butu na gundi, umwache na mawazo yake. Malalamiko hayo hayadumu.

Kumbuka pia kwamba maktaba, makumbusho na bustani nyingi za umma hubadilisha saa zake siku za sikukuu au hufungwa kabisa. Uliza mapema kama zipo siku za kuingia bure, na uazime vitabu kabla milango haijafungwa. Maeneo ya wazi hujaa watu kuanzia karibu na adhuhuri hadi alasiri. Familia inayofika jua linapochomoza hupata kivuli, nafasi na utulivu, na hurudi nyumbani wakati wengine ndio wanaanza kupanga foleni.

Kishada cha kurusha wenyewe

Kati ya mambo yote ya asubuhi, sijui lililo bora kuliko kishada kilichotengenezwa nyumbani, kwa kuwa kila umri hupata kazi yake. Chukua fito mbili nyembamba, kavu na nyepesi, mmoja wa sentimita 80 na mwingine wa sentimita 65. Zipange kama msalaba, ule mfupi ukikatiza ule mrefu sentimita 20 kutoka juu, uzifunge kwa uzi mpaka zisicheze. Pitisha uzi mwingine katika ncha zote nne, ukiukaza, ili upate kiunzi chenye pembe nne. Laza kiunzi hicho juu ya karatasi nyepesi au mfuko mkubwa wa plastiki uliopasuliwa, ukate ukiacha upana wa vidole viwili kuzunguka, kisha ukunje pembezoni juu ya uzi na kubandika.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi huiharakisha na baadaye kukilaumu kishada. Kata uzi wa hatamu ulio mrefu kidogo kuliko ufito wa wima, ufunge ncha moja juu na nyingine chini ya ufito huo, ukiupitisha upande wa mbele wenye karatasi. Uzi wa kurushia hufungwa kwenye hatamu hiyo, mahali palipo juu kidogo ya makutano ya fito. Chini ning’iniza mkia wa mita 3 au 4, ukiufunga vipande vya kitambaa kikuukuu kila baada ya hatua fupi. Kazi hiyo wape wadogo. Mkia ndio unaokituliza kishada hewani. Kikizunguka na kujichoma chini, ongeza mkia. Kikiwa kizito kupanda, upunguze.

Upepo unaofaa ni ule unaotikisa majani na vijiti vidogo bila kukoma. Ukianza kuyumbisha matawi makubwa, subirini. Mrushaji asimame akiupa upepo mgongo, na msaidizi akishike kishada hatua kama ishirini mbele yake, akiachie upepo unapovuma. Hakuna haja ya kukimbia. Muwe mbali kabisa na nyaya za umeme na barabara, na ngurumo ikisikika hata kwa mbali, kishada kishushwe na wote waingie ndani.

Watoto wasiopenda kurusha wanaweza kusimika fimbo iliyonyooka mahali tambarare na kuweka kijiwe penye ncha ya kivuli chake, wakirudia kila baada ya robo saa, kabla ya adhuhuri na baada yake. Mstari unaounganisha vijiwe vya kati huelekea, kwa makadirio, magharibi na mashariki, na kijiwe cha kwanza ndicho kilicho upande wa magharibi. Wakati kivuli kilipokuwa kifupi kuliko vyote ndio adhuhuri ya jua, ambayo mara nyingi hailingani na saa ya ukutani. Acha mtoto aigundue tofauti hiyo na kuuliza sababu. Jambo moja halina mjadala: jua halitazamwi kwa macho.

Usiku mbele ya nyumba

Anga la usiku halina kiingilio, na siku tatu zinatosha kulifanyia jaribio la kweli. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku. Mwezi ukiwa mpevu au umepita upevu kidogo, mtoto aandike saa aliyouona ukijitokeza siku ya kwanza, akisimama mahali palepale kila jioni, na siku ya tatu atakuwa amepima mwendo wake bila chombo chochote. Mwezi ukiwa mchanga, saa ya kuandikwa ni ya kutua, ambayo nayo huchelewa vivyo hivyo.

Usiku usio na mwezi ndio unaofaa kwa nyota. Zimeni taa za nje, simu zibaki ndani, na mlale chali juu ya mkeka. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja mkali huyarudisha nyuma yote. Tochi ikihitajika, ifunikwe kwa kitambaa chekundu. Sayari kwa kawaida hazimetimeti kama nyota. Zuhura, inayong’aa kuliko vyote isipokuwa jua na mwezi, hutafutwa magharibi baada ya machweo au mashariki kabla ya mapambazuko, kutegemea majira. Kilimia, kundi dogo la nyota zilizobanana, ni mtihani mzuri wa macho, kwani wengi huhesabu sita, na ubishi wa nani ameona saba hufurahisha. Mwenye darubini ndogo ya macho mawili, akiiegemeza ukutani ili isitetemeke, anaweza kuona nukta za miezi minne ya sayari ya Mshtarii (Jupita) ambayo mtaalamu wa nyota Galileo Galilei aliiona mwaka 1610. Na baada ya magharibi huenda ukapita mwanga mweupe usiopepesa, ukivuka anga kwa dakika chache tu: Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilicho umbali wa kilomita 400 hivi juu yetu, ambacho huizunguka dunia kila baada ya dakika 90 na ambacho hakijakosa watu ndani yake tangu Novemba 2000. Waambie watoto kwamba wanatazama nyumba yenye watu.

Mvua ikinyesha

Mvua haiharibu mapumziko ikiwa chombo cha akiba kimeandaliwa. Chora mraba wenye vyumba 64 kwenye kipande cha boksi, vipakwe rangi kimoja baada ya kingine, na kila mchezaji apewe vizibo 12 vya chupa, mmoja vya kwake vikitazama juu na mwingine chini. Hiyo tayari ni drafti kamili. Au panga chupa za glasi zinazofanana, uzijaze maji kwa viwango tofauti. Ukizigonga kwa kijiko, yenye maji mengi hutoa sauti nzito. Ukipuliza juu ya midomo yake, mambo hugeuka, na yenye maji mengi hutoa sauti nyembamba. Unapogonga, kinachotetemeka ni glasi pamoja na maji, na maji huipunguzia kasi. Unapopuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki juu ya maji, ambayo ikiwa fupi hutetemeka haraka. Radi ikimulika, hesabuni sekunde hadi ngurumo isikike, mkigawanya kwa tatu. Jibu ni umbali wake kwa kilomita.

Kuwauliza wazee

Jambo hili lipewe siku yake, na ningelitanguliza mbele ya mengine yote kama nyumbani au jirani yupo babu, bibi au shangazi mwenye kumbukumbu. Halina gharama, na halingojei. Wengi hujaribu, lakini huuliza maswali mapana kama vile maisha ya zamani yalikuwaje, ambayo hujibiwa kwa sentensi mbili na kimya. Swali linalofungua mdomo ni lile lenye kitu cha kushika. Muulize nyumba aliyokulia ilikuwa na vyumba vingapi, na nani alilala wapi. Muulize maji yalitoka wapi na nani aliyachota, shule ilikuwa umbali gani na walipita njia ipi, ni kosa gani aliloadhibiwa ambalo hakulitenda, kazi yake ya kwanza ilimlipa nini na fedha hizo alizitumiaje. Watoto waulize wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wameandika maswali yao usiku uliotangulia kwa heshima inayostahili.

Simu, ambayo siku nyingine nimeifukuza, hapa ina kazi: iwekwe mezani irekodi sauti, kwa ruhusa ya mzee mwenyewe. Mtu asimkatize kumsahihisha mwaka au jina, yasahihishwe baadaye. Akinyamaza, msubirini, maana mara nyingi lililo zito huja baada ya kimya. Asipotaka kuzungumzia jambo fulani, liachwe bila kumshurutisha. Kisha zitolewe picha za zamani, na kila moja iandikwe nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, majina, mahali na mwaka kama unajulikana, kwa kuwa wino waweza kupenya hadi mbele na kuiharibu. Familia nyingi zina picha za watu ambao hakuna aliye hai anayewatambua, na hasara hiyo ingezuiwa kwa alasiri moja.

Vijana wa sekondari huonekana kuyakataa haya yote. Kwa uzoefu wangu, wanachokikataa ni kutendewa kama wadogo zao. Mpe kijana jambo zima alisimamie, kwa mfano mlo mmoja tangu kupanga na kununua hadi kuosha vyombo, au kurekodi na kuhariri mazungumzo ya bibi, na usimsimamie begani. Naye apewe saa zake za faragha bila kulaumiwa.

Wazazi nao wanahitaji kupumzika. Wekeni saa moja kila mchana ambapo nyumba nzima inanyamaza: anayelala alale, anayesoma asome. Kama mpo wawili, kila mmoja apate nusu siku ya kwake, mwenzake akibaki na watoto. Kama uko peke yako, patana na mzazi mwingine mbadilishane watoto kwa zamu.

Siku ya mwisho, jambo kubwa limalizike kabla ya mchana, kwa kuwa sare zinahitaji kupigwa pasi na watoto kulala mapema. Kishada, vizibo, tochi na daftari viwekwe katika boksi moja, pamoja na karatasi yenye vitu vilivyokosekana, na bahasha ifunguliwe mbele ya wote. Kilichobaki ndani yake, hata kikiwa kidogo, kiamuliwe na watoto wenyewe kama kitumike jioni hiyo au kiwe cha kuanzia sikukuu ijayo.